Ufunguo ninao, lakini deni ni la wifi

Jambo sana mama mshauri,

Niko Kadutu, Bukavu. Sisi wamama 22 tuna avec yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na mimi ni mmoja wa watatu wanaoshika funguo. Aliye na avec anajua: sanduku moja, kufuli tatu, kila ufunguo nyumba yake. Nisipofika Jumamosi halifunguki. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, benki yetu ndiyo hiyo. Karo imo humo, hata pesa ya mtu kwenda kujifungua imo.

Mwezi wa tatu wifi yangu, mdogo wa bwana yangu, aliomba mkopo wa dola 200. Hisa zake zilikuwa dola 70 na sheria yetu inaruhusu mara tatu, kwa hiyo hakupendelewa. Ila wenzangu waliposita, ni mimi niliyesimama nikasema, "Huyu namjua." Akanunua viatu vya mtumba, na vingi vikatoka mguu mmoja mmoja (nimeviona kwa macho yangu, vimerundikwa chini ya kitanda). Amerudisha dola 40 tu, na baada ya wiki mbili tunagawana pesa za sanduku.

Sheria ni hii: zinakatwa hisa zake kwanza, kinachobaki kamati inamfuata nyumbani kuchukua kitu. Kitu chenyewe ni cherehani, nayo iko sebuleni kwa mama mkwe.

Ua ule mimi huuingia na kitambaa kichwani, napitia jikoni, nasalimia nimeinama. Sasa niuingie na daftari mkononi, nyuma yangu wamama wawili wa kubeba mashine? Mama mkwe ameshatuma mtoto: "Mwambie mkamwana, ufunguo si anao?" Kana kwamba hizo kufuli mbili nyingine ni urembo. Bwana yangu naye anasema mambo ya avec hayajui, ila mama yake asiaibishwe. Na Jumamosi iliyopita mmoja wetu alisema, tena bila kunong'ona, "Angekuwa dada yangu, tungekuwa tumeshafika kwake."

Nimewaza kulipa kimya kimya kutoka hisa zangu. Lakini hizo ni za binti yangu anayeanza sekondari mwezi wa tisa. Kurudisha ufunguo sasa, siku za mwisho hivi, wataniona mwizi.

Mama, niende na kamati, au niwaombe waende bila mimi? Na kama ni kwenda, nimwambie mama mkwe mapema, au anione tu mlangoni na wenzangu?

Mshika ufunguo, Kadutu