Josephus uliyemsoma Makadara

Tudor, Mombasa
Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mama yako nilikutana naye Kongowea juzi, mzima kabisa, ila analalamika humpigii simu.

Sasa la ule mhadhara wako na Waislamu pale Makadara. Ulizungumza vizuri mpaka ulipomtoa Josephus, yule mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1. Uliposoma kile kifungu kisemacho Yesu ndiye aliyekuwa Kristo na siku ya tatu akawatokea wanafunzi yu hai, yule mzee wa kanzu akauliza swali moja tu: Myahudi ambaye hakubatizwa aliandikaje hayo? Ukapandisha sauti. Mimi nikainamisha kichwa, maana swali lilikuwa la haki.

Origen, Mkristo mwenzetu wa karne ya 3, ameandika waziwazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Kifungu chako, wa kwanza kukinukuu ni Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, karne ya 4. Wataalamu wengi huona Josephus aliandika jambo fulani kumhusu Yesu, kisha mnakili Mkristo akatia chumvi. Hebu fikiria Mmazrui wa zama zile, wa ukoo uliogombea Mombasa na Seyyid Said, akiandika kuwa Seyyid Said ndiye mtawala wa haki wa Mombasa. Si ungeuliza nani aliyeshika kalamu?

Na hukuwa na haja nacho! Kitabu hichohicho cha Josephus, Mambo ya Kale ya Wayahudi, sehemu ya 20, chasimulia jinsi kuhani Anano alivyomhukumu Yakobo apigwe mawe, mwaka 62 hivi. Josephus anamtambulisha kuwa ndugu wa Yesu "aitwaye Kristo". Aitwaye, basi. Hamsifu. Naye Paulo, kwa Wagalatia, anasema alimwona Yakobo huyo kwa macho yake.

Lakini hapo hamna ubishi na Waislamu. Wao hawakatai kuwa Yesu aliishi. Ubishi ni msalaba, na shahidi wako hapo ni Tacitus, mwanahistoria Mrumi aliyewadharau Wakristo. Yapata mwaka 116 aliandika kuwa Kristo aliuawa chini ya Pilato, enzi za Kaizari Tiberio. Mzee atakuuliza habari hizo alizitoa wapi, kwa kuwa miaka 80 na zaidi ilikuwa imepita. Mjibu kwamba Tacitus hakusema. Usijaze pengo kwa kelele. Ufufuo wenyewe hakuna kati ya hao wawili atakayekuthibitishia.

Mzee nimemkuta barazani jana. Anakungojea, wala hana kinyongo. Twende Jumamosi alasiri. Kahawa utalipa wewe.

Wako,
Jirani wa zamani