Kiangazi ndo kinaua vioo vya nailoni, sio mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenzangu wa huku Mtwara na Lindi wenye gari za turubai, na madereva bajaji nao wamo maana tatizo ni lile lile. Mvua zinaishilizia, kusi limeshaanza kuvuma, na sa hivi kila mtu anafungua zipu na kuyatoa kwenye gari madirisha yake ya nailoni apate upepo. Sawa kabisa, hata mi nafungua, nani anataka kujifungia kwenye Suzuki iliyozibwa pande zote kama yuko ndani ya chupa. Swali langu ni moja tu, ukishayafungua unayapeleka wapi?

Maana kila mwaka ni yale yale, mvua za Desemba zikianza watu wanakimbilia stoo, wanatoa madirisha yamekuwa ya njano, magumu, yana mistari myeupe pale yalipokunjwa, ukivuta zipu kidogo tu pwaa, limechanika, alafu lawama zote anatupiwa fundi turubai. Fundi hana kosa jamani (wapo wenye makosa, nitawafikia). Dirisha limekufa kati ya Juni na Novemba likiwa halijafungwa hata kwenye gari, limekufa limelala.

Ile nailoni ya kuonea ni PVC, na PVC kwa asili yake ni ngumu, ndo hiyo hiyo ya mabomba ya maji. Ili ikunjike, kiwandani wanaichanganya na kemikali ya kulainisha. Sasa joto linaitoa ile kemikali taratibu, ndo maana ukishika nailoni iliyokaa pabaya unakuta inanata na vumbi limeganda, baadae inakauka kabisa inakuwa ngumu. Na mionzi ya jua nayo inaivunja yenyewe, unjano unatokea hapo. Kwa hiyo kuiweka juu ya bati, au juu ya dari chini ya bati, ni kuikaanga tu. Kuitupa nyuma ya siti pia hapana, inasuguana na jeki na spana kila shimo unaloingia, na mashimo yetu unayajua Mhariri.

Kitu ambacho wengi hawakioni ni kwamba Juni na Julai huku kwetu kuna kaubaridi, madirisha yakiwa stoo hayapati shida sana, mtu anajisahau. Joto lenyewe linakuja Oktoba na Novemba, na hapo hapo ndo korosho zinaingia ndani. Mwenye shamba anajua, stoo inageuka ghala, magunia mpaka mlangoni, chochote kilichokuwa stoo kinasogezwa, na madirisha ya gari yanakuwa ya kwanza kutolewa nje nyuma ya nyumba au yanaachwa chini na gunia linawekwa juu yake. Gunia la korosho sio jepesi, likikaa juu ya nailoni iliyopata joto ule mkunjo hautoki tena. Na kabla ya hapo stoo ilikuwa na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, ule unga unaingia kwenye meno ya zipu na kwenye nailoni unakuwa msasa. Ushauri wangu, sahau stoo. Weka chumba cha kulala, chini ya kitanda, juu ya mkeka, bapa. Mama watoto atalalamika siku mbili tatu atazoea.

Kabla ya kuweka osha. Hapa nisisitize kwa watu wa Shangani, Mikindani, na wanaopenda kwenda kupunga upepo Msimbati kule gari inaingia mpaka mchangani. Nailoni yako ina chumvi na mchanga hata kama huoni, ukichukua tambara kavu ukafuta umeshaichora. Mwagia maji baridi mengi kwanza yaondoe mchanga, alafu sabuni ya vyombo kidogo kwenye maji, kitambaa laini, suuza, kausha kivulini. Ikauke kweli kweli mpaka kwenye mshono wa turubai, ukiweka na unyevu utakuta ukungu, madoa meusi yasiyotoka. Petroli hapana, thina hapana, spiriti hapana, ile dawa ya vioo vya nyumbani yenye harufu ya amonia hapana, zote zinaikausha na kuifanya isionyeshe vizuri. Kuna wanaopaka mafuta ya nazi ing'ae, inang'aa kweli, mpaka vumbi la kwanza. Dawa ya meno inapunguza mikwaruzo midogo ila ni kwa sababu yenyewe inakwangua, usiifanye mazoea. Zipu paka mshumaa, pitisha juu na chini, basi.

Kama huna nafasi ya kulaza bapa, viringisha, usikunje. Viringisha kwa ulegevu, weka shuka jeupe la zamani katikati ili nailoni isigusane na nailoni, zikigusana kwenye joto zinashikana na ukizitenganisha zinaacha alama. Shuka nasema jeupe, kanga mpya inaachia rangi. Na samahani sana Mhariri, gazeti lako pia halifai hapa, wino unahamia kwenye nailoni na hautoki, utaendesha gari unasoma matokeo ya ligi kwenye dirisha.

Wenzetu Marekani wenye Jeep Wrangler wanafungua kipindi hiki hiki, Juni mpaka Agosti, ndo joto lao, na kuna mifuko maalum inauzwa yenye vyumba vya kitambaa laini, kila dirisha na chumba chake. Turubai za Jeep mpya hata zipu wamezitoa, unachomeka tu kwenye mfereji. Huku fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea mfuko wa hivyo kwa blanketi kuukuu, sioni sababu ya kuagiza.

Sasa bajaji. Wale hawafungui, wanaviringisha pazia juu na kulifunga na kipande cha tyubu, vumbi likiwa ndani, miezi yote ya kiangazi. Ile tyubu nyeusi ikikaa inaacha doa kwenye nailoni na hakuna sabuni inayolitoa, wafunge na utepe wa kitambaa. Ila najua kwanini hawajali. Dereva anasema bajaji ya bosi, bosi anaangalia hesabu ya jioni tu, pazia halina mwenyewe. Mvua ikija abiria analowa, na dereva akishusha pazia haoni kioo cha pembeni, usiku anashuka ule mteremko wa Mikindani anakadiria kwa masikio. Mabosi hili ni lenu, msimsukumie dereva.

Na wale mafundi niliosema nitawafikia, kuna wanaoshona madirisha kwa plastiki ya kufunikia meza. Siku ya kwanza inaonyesha safi kuliko hata kioo, ikipigwa jua miezi michache kwisha. Plastiki ya meza haikutengenezwa kukaa juani. Mteja uliza kabla, shika unene wake, na kama ni nyepesi ya kupeperuka kataa hata kama bei ni ya kutupa.

Pia usiyafukie mbali sana. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kimekuja wakati wengi tumeshahesabu mvua zimeisha, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na mwenye madirisha yake chini ya rundo la vitu siku hiyo alikuwa anafukua na tochi.

Wakati wa kurudisha ukifika utaona dirisha kama limesinyaa, halifiki. Mara nyingi limejikaza tu kwa kulala muda mrefu. Litandaze kwenye jua la asubuhi kidogo lilegee, hapo jua ni rafiki, alafu anza zipu kwenye kona bila kulazimisha, ukimaliza ndo unabana vifungo vya chini. Anayevuta na koleo ajiandae kumtafuta fundi.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara