Mashine zitanunuliwa, fundi je?

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wa kufufua viwanda vya ndani, nasikia sana habari za mitaji, ushuru na mashine mpya. Za mafundi waliostaafu sizisikii, na hilo linanitia hofu. Sehemu kubwa ya ujuzi wa kiwandani haimo kwenye michoro. Mchomeleaji hujua kwa rangi ya chuma kwamba moto umezidi. Fundi mitambo huisikia beringi inayoelekea kufa kabla haijafa. Kiwanda kikifungwa, watu hawa hutawanyika na ujuzi wao.

Uingereza yaliikuta haya kwenye nyambizi. Oda zilipopungua baada ya Vita Baridi, kiwanda cha kuunda nyambizi mjini Barrow kilishuka kutoka wafanyakazi wapatao 13,000 hadi karibu 3,000. Ujenzi wa nyambizi ya Astute, ulioanza 2001, ukakwama, hata wakaitwa wataalamu wa Electric Boat, kampuni ya kuunda nyambizi ya Marekani. Nchi iliyounda nyambizi za nyuklia tangu miaka ya 1960! Ufaransa nayo ilianza kinu cha nyuklia cha Flamanville 3 mwaka 2007 kwa matarajio ya kukimaliza 2012. Umeme wake uliingia gridi Desemba 2024. Ripoti ya Jean-Martin Folz ya 2019 kuhusu mradi huo ilitaja wazi kupotea kwa ujuzi, na kasoro za uchomeleaji zilikuwa ushahidi wake.

Wanaosema tununue mashine kwanza wakumbuke Pawtucket, Marekani. Mfanyabiashara Moses Brown alikuwa na mashine za kusokota pamba tayari, ila hazikufanya kazi inavyotakiwa. Uingereza wakati huo ilikataza mafundi wa nguo kuhama, lakini fundi Samuel Slater aliondoka kimya kimya kwenda Marekani mwaka 1789, bila mchoro, ujuzi wote kichwani. Mwaka uliofuata usokotaji ukaanza. Kilichokosekana pale ni mtu aliyekwisha kuifanya kazi ile.

Basi wastaafu walioko hai warudishwe karakanani sasa, walipwe vizuri, na kila mmoja awekewe vijana wa kufanya nao kazi bega kwa bega, si kwa semina ya siku chache. Oda nazo ziwe za mfululizo hata kama ni ndogo, maana kijana aliyefunzwa akikaa bila kazi atakwenda kutafuta riziki kwingine. Na fungu la mafundi litengwe kabla mkataba wa kununua mashine haujatiwa saini.

Msomaji wako wa siku nyingi