Risala ya Wanachuo wa Ukunga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakunga Duniani, 5 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wakunga mlioko kazini, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa kuwa umebobea katika utafiti wa homoni na maji ya mwili wakati wa ujauzito, risala hii haitazunguka mbali. Itakaa leba, penye dripu na mfuko wa mkojo.

Mgeni Rasmi, mjamzito hubeba lita 6 hadi 8 za maji zaidi ya kawaida yake. Mwaka 1984 John Davison wa Newcastle, Marshall Lindheimer wa Chicago na wenzao walionyesha kwamba ukolezi wa damu unaoamsha kiu na kuachilia vasopresini (homoni inayoziamuru figo zitunze maji) hushuka kwa takribani miliosmoli 10 kwa kilo, kipimo cha ukolezi huo. Ndiyo maana anaendelea kuona kiu, na figo zake zinaendelea kutunza maji, katika kiwango ambacho mwanamke asiye na mimba angekojoa tu. Sodiamu, yaani chumvi ya damu yake, hutulia karibu na milimoli 135 kwa lita badala ya 140. Kumtibu kwa namba hiyo ni kumtibu mtu mzima wa afya. Baadaye majaribio ya panya yalielekeza kidole kwenye relaksini, homoni ya ovari.

Kondo nalo hutoa kimeng'enya kinachokatakata vasopresini, hata ikaondoka kwenye damu mara 3 hadi 4 haraka kuliko kawaida. Kwa wachache, hasa ini likiwa na hitilafu, tezi ya pituitari, inayoachilia vasopresini, hushindwa kufidia. Mama hukojoa lita nyingi kwa siku, mkojo mweupe kama maji, na sukari haionekani. Asinyimwe maji ya kunywa. Dawa yake ni desmopresini, vasopresini ya kutengenezwa, kwa sababu kimeng'enya hicho hakiiwezi.

Linalotusumbua zaidi ni oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Ina asidi amino 9 sawa na vasopresini, na zinatofautiana mahali 2 tu; kwa hiyo ikipewa kwa dozi kubwa nayo huzuia mkojo. Ikichanganywa kwenye deksitrosi 5% (maji ya sukari) na kutiririshwa kwa saa nyingi, sukari hutumika mwilini, yakabaki maji matupu, na sodiamu ikaporomoka. Mama huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, kisha degedege. Ni rahisi sana hapo kusema ni kifafa cha mimba na kukimbilia magnesiamu, dawa ya degedege la kifafa hicho, ilhali presha haijapanda na mkojo hauna protini. Sodiamu ipimwe, na oksitosini isimamishwe. Kinga yake ni nyepesi: ichanganywe kwenye maji ya chumvi 0.9% au Ringa (maji mengine yenye chumvi), na kila mililita inayoingia na kutoka iandikwe.

Kwa mwenye kifafa cha mimba au dalili zake kali, mtego umegeuka. Amevimba miguu na uso, lakini ndani ya mishipa maji ni machache, kwa hiyo mkojo hupungua. Mkono wa mhudumu huenda kwenye dripu ya pili. Mishipa hiyo inavuja, na maji ya ziada huishia kwenye mapafu, mara nyingi baada ya kujifungua, wakati uvimbe unaporudi kwenye damu. Jumla ya maji yote, pamoja na yale ya dawa, isizidi takribani mililita 80 kwa saa, isipokuwa anapovuja damu.

Magnesiamu hutolewa na figo. Kabla ya kila dozi goti ligongwe na liitikie, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi isubiri. Pumzi zikisimama, asaidiwe kupumua na apewe kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, gramu 1 polepole kwenye mshipa.

Mgeni Rasmi, maombi yetu ni machache: mifuko ya mkojo yenye chemba ndogo ya kupimia kila saa (mfuko wa lita 2 hausomeki kwenye mililita 30), kipimo cha sodiamu kinachotoa majibu usiku, kalsiamu glukoneti ikae trei moja na magnesiamu, na siku moja ya mafunzo kutoka kwako kuhusu kusoma chati ya maji.

Tunaomba kuwasilisha.