Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Mtoto Haitwi Kutu

Nakuru
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Kwa wazazi na walezi wote,

Hamjambo? Leo tunafunga muhula wa pili. Kadi za ripoti watoto wamepewa mkononi, na shule itafunguliwa Jumatatu, 25 Agosti. Wanafunzi wetu wa Gredi ya 9 ni wa kwanza nchini kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, kwa hiyo vitabu vyao visifungiwe sandukuni hadi siku ya kufungua. Waliobakiza pesa za chakula wanajijua. Karani ana orodha, na hilo sitalirefusha.

Ninalotaka kuwaandikia ni jingine.

Muhula huu mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 7 aliacha kucheka. Sitamtaja, na ninawaomba msimtafute. Mwaka jana ndiye aliyekuwa akighani mashairi mbele ya wageni bila karatasi mkononi. Kufikia Juni alikuwa akizungumza amefunika mdomo kwa mkono wa sweta, hata jua likiwaka, mpaka ule mkono ukalegea ukawa mrefu kuliko mwenzake. Halafu akaanza kukosa shule. Mwalimu wa darasa alipofungua daftari la mahudhurio aliona kwamba mtoto huyu haumwi ovyo: anaumwa Jumanne na Alhamisi, siku za kusoma kwa sauti. Nyumbani alisema tumbo linamkata. Mama yake alimpeleka zahanati, akapimwa malaria, hana. Tusije tukasema alikuwa anadanganya. Tumbo lilimuuma kweli. Mtoto akijawa na hofu, mara nyingi huanza kuuma hapo.

Darasani walikuwa wanamwita Kutu, kwa sababu meno yake yana madoa ya kahawia. Akisimama kusoma, mmoja anaanza kukwaruza dawati kwa ukingo wa rula, taratibu, kama mtu anayesugua chuma. Wengine wanainamisha vichwa na kucheka. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana mbele ya mwalimu. Mwalimu aliye ubaoni husikia rula tu. Na mtoto, akifika nyumbani, alikuwa anajifungia bafuni na kusugua meno kwa majivu na mchanga hadi ufizi unatoa damu.

Wengi wenu mnajua madoa hayo yanatoka wapi, lakini nimegundua kwamba watoto hawajui, na waliohamia kwetu juzi hawajui. Ardhi yetu hapa Bonde la Ufa ni ya volkano. Menengai iko pale tunaitazama kila asubuhi. Maji ya chini, hasa ya visima virefu, hupita kwenye miamba hiyo na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya pande hizi vimepita kiwango hicho. Sasa, meno ya utu uzima hujengwa yakiwa bado ndani ya ufizi, tangu mtoto ni mchanga mpaka afike miaka kama 8. Floraidi ikizidi wakati huo, jino huota likiwa tayari na doa. Ndiyo maana mtoto aliyehamia Nakuru akiwa na miaka 10 atakunywa maji ya bomba lile lile na meno yake yabaki meupe. Si kwamba ni msafi kuliko mwenzake. Alikulia kwingine, basi. Doa hilo haliambukizi, wala halitoki kwa mswaki, sembuse majivu. Mimi ni mzaliwa wa hapa na meno yangu mnayajua. Huwa nacheka nayo hadharani.

Niliwaita ofisini watoto wanne pamoja na wazazi wao. Mzazi mmoja aliniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, huo ni utani wa watoto. Hata sisi tuliitwa majina na tukakua." Ni kweli tulikua. Lakini watani hutaniana, leo wewe kesho mimi, na wote wanacheka. Huyu hakuwa na la kuwarudishia, na walikuwa darasa zima dhidi yake. Mzazi mwingine alianza kumtetea mwanawe kabla sijamaliza kueleza alichofanya. Namwelewa, nami ni mzazi. Ila mtoto alikuwa ameketi pale pale anasikia, na alichosikia ni kwamba hana kosa.

Yule wa rula alijiunga nasi Januari. Wiki zake za kwanza darasa lilikuwa likimcheka yeye, kwa lafudhi ya kwao. Alipoona wamepata mwingine wa kumcheka, akajiunga na wachekaji. Hilo halimtoi lawamani, na nilimwambia hivyo mbele ya mama yake.

Wapo walioniuliza kwa nini sikuwachapa. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, iwe kimwili au kiakili. Kifungu kinachonizuia kumpiga aliyekosa ndicho hicho hicho kinachomlinda aliyeitwa Kutu. Siwezi kutumia nusu yake na nusu nyingine nikaiacha kabatini.

Badala ya kiboko, tuliwapa kazi. Kwa wiki mbili, wakati wa mchezo, wanne hao walikaa na mwalimu wa sayansi wakifuatilia maji. Kila mmoja alileta chupa kutoka kwao, ikaandikwa maji yametoka wapi: kisima, bomba, muuzaji wa mkokoteni, mvua. Walijifunza kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali maji yanapungua na yenyewe inabaki. Walijifunza kuhusu vichujio vinavyotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa makaa, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imevifanyia kazi kwa miaka mingi. Kisha wakasimama mbele ya darasa wakaeleza, kila mtu sehemu yake. Mmoja wao, ambaye familia yake ilihamia hapa miaka kadhaa iliyopita, alienda nyumbani akamwambia mdogo wake afungue mdomo. Meno yake mapya ya mbele yana doa. Kesho yake alimfuata mwalimu wa sayansi kumuuliza bei ya kichujio.

Na yule mtoto? Jumanne na Alhamisi sasa anakuja. Kughani bado hajarudia, na hatumsukumi.

Kuna neno moja gumu zaidi, mnivumilie. Muhula huu nimemsikia mtoto wa miaka 9 akimwambia mwenzake asimwazime daftari yule kwa sababu "hao" ni wezi, na hilo "hao" alimaanisha kabila. Nimesikia mwingine akikataa kuketi na mtoto wa mtaa wa mabanda. Mtoto wa umri huo hana pa kuyaokota maneno hayo isipokuwa mezani kwetu, ndani ya matatu na kwenye zile sauti tunazotumiana kwa WhatsApp tukidhani wamelala. Walio na umri wangu wanakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulipojaa familia zilizokimbia makwao. Sisemi kwamba jina la Kutu lina uzito huo. Nasema kwamba hata wakati ule tulianza kwa kuitana majina, miaka mingi kabla ya kushika mapanga.

Likizo hii, basi, nawaomba haya. Mwenye mtoto wa meno ya kahawia amweleze ukweli wa maji, na amwondolee majivu na mchanga bafuni. Mwenye mtoto mdogo, wa chini ya miaka 8, ajitahidi apate maji ya mvua au yaliyochujwa ya kumpa, kwa sababu huyo bado anaweza kuepushwa. Mtoto anayesema tumbo linauma siku zile zile kila wiki, muulizeni ratiba ya siku hizo ikoje, na mumsikilize bila kumkatiza. Akishindwa kuwaambia ninyi, ajue nambari 116: ni ya watoto, haikati pesa, na inajibiwa usiku na mchana. Na nikikupigia simu kwamba mwanao ndiye anayewaonea wenzake, tafadhali njoo kwanza, tuzungumze, kumtetea kutafuata kama kunastahili. Sijawahi kumwita mzazi ili nimwaibishe.

Kwa walimu nimeagiza kwamba kuanzia muhula ujao kusoma kwa sauti kufanywe kwanza kwa vikundi vidogo, na mwalimu atembee katikati ya madawati, asibaki ubaoni. Kisanduku cha barua za siri kitahamishwa kutoka mlangoni mwa ofisi yangu, ambapo kila mtu humwona anayetumbukiza, kiwekwe maktaba.

Mkutano wa wazazi wa Gredi ya 7 utakuwa Ijumaa, 29 Agosti, saa nane mchana. Mara iliyopita akina mama walijaza ukumbi na akina baba walihesabika kwa vidole. Safari hii nitaita majina.

Wenu,
Mwalimu Mkuu