Naomba pula ya sumaku, na uje nayo mwenyewe

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za wote waliomo humu nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Najua kimya changu umekihesabu, kwa hiyo sitapoteza wino kukitafutia sababu. Nina shida, na shida yenyewe ni kwamba nahitaji ile pula yako, kile kifaa cha kuvutia na kutoa sumaku ya injini ndogo (gurudumu lile linalozalisha umeme wa cheche), ikiwa Mzee wa Redio hajaiazima tena kwa ule mtindo wake wa kuazima.

Aliyeniletea shida hii ni mpwa wangu, yule wa pili, ambaye sasa ana miaka 14 na mikono isiyotulia. Alikuja na habari ya pikipiki ndogo aliyoiona imefunikwa turubai, akapendekeza tuinunue kwa ubia, yeye atoe akiba yake nami nitoe kitakachopungua, ambacho, kama unavyoweza kukisia, kilikuwa karibu chote. Nilikwenda kuitazama nikiwa nimekwisha kuamua kukataa. Kumbe ilikuwa Honda Z50A, ile yenye magurudumu ya inchi 8 na usukani unaokunjwa ili iweze kuingia katika buti la gari, nawe unaujua udhaifu wangu. Nyuma haina shoku hata moja, jambo linalotufanya tuamini kuwa ni ya kabla ya mwaka 1972. Muuzaji alituapia kwamba ilikuwa ikitembea vizuri na tatizo lilikuwa kabureta tu, kauli ambayo nadhani wauzaji wa pikipiki mbovu hufundishwa tangu utotoni. Kijana hakumjibu. Aliinama akalinganisha nambari ya fremu na ile iliyo kwenye hati, akakagua maungio kama yana nyufa, kisha akakanyaga kiki. Kiki haikwenda popote. Pistoni ilikuwa imenata ndani ya silinda, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yalipoanza upya.

Kuinasua haikuwa kazi ngumu, ila ilihitaji subira. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu lake, tukaiacha ilowe, na kila jioni tukawa tunaitikisa kwa spana mbele kidogo na nyuma kidogo, bila kutumia nguvu. Siku ilipoachia, kijana alipiga ukelele uliomtoa dada yangu jikoni akidhani mtu amekatwa kidole. Tulipofungua silinda tulikuta kutu nyepesi karibu na sehemu ya juu, lakini hakuna michubuko ya kutisha. Mpwa wangu alipima kipenyo akapata milimita 39, akachukua mwendo wa pistoni wa milimita 41.4 ulioandikwa katika kitabu cha matengenezo, akakokotoa ujazo kwa kanuni aliyofundishwa shuleni, akapata karibu sentimita za ujazo 49.5. Aliniletea karatasi ile kana kwamba yeye ndiye aliyeisanifu injini.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kutu ya ndani ya tangi tuliiondoa kwa siki, pamoja na kipande cha cheni kilichotikiswa humo mpaka majirani wakachoka. Skrubu za Kijapani zilitusumbua, kwani bisibisi ya nyota ya kawaida haikai sawasawa katika vichwa vyake, na ukilazimisha unavisaga. Kwenye magurudumu nilikuwa mkali: rimu hizi ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa nati, kwa hiyo sikumruhusu aziguse kabla hatujatoa upepo wote na vali yenyewe, maana zikifunguliwa tairi likiwa limejaa, nusu moja inaweza kumrukia mtu usoni. Vumbi la breki nalo tulilifuta kwa kitambaa chenye maji badala ya kulipuliza, kwa sababu breki shuu za miaka ile huenda zina asbesto.

Sasa nirudi kwenye sumaku. Tulipoanza kutafuta cheche tulipata kitu cha manjano na kinyonge, cha kuja na kupotea. Tukazisafisha pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kama swichi, kupitia lile dirisha dogo la kwenye sumaku, tukaziweka nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4, na cheche ikawa ya buluu kama inavyotakiwa, lakini baada ya muda mfupi ikafifia tena. Pointi zilikuwa zimelowa oili. Nina hakika kwamba sili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, iliyo nyuma ya sumaku imekauka na kupasuka, na hakuna namna ya kuifikia bila kuitoa sumaku. Shemeji, ambaye hujitokeza kila palipo na nyundo, alishauri tuigonge ubavuni au tuichokonoe kwa bisibisi mbili. Nilimkatalia kwa heshima, kisha nikamkatalia bila heshima, kwa kuwa ncha ya krenki ikiharibika tutakuwa tumeiua injini ambayo tumetoka kuifufua. Tangu hapo kazi imesimama, na sanduku la spana nalificha.

Lakini pula peke yake haitanitosha, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika badala ya kumtuma mtu. Kijana ameniuliza kwa nini cheche hutoka pointi zinapoachana, na si zinapogusana. Kwa akili yake, swichi ikiguswa ndipo taa huwaka, basi iweje hapa mambo yageuke? Nilimweleza kwamba pointi zikiwa zimegusana, umeme unaozalishwa na sumaku hupita humo na kuishia kwenye fremu bila kufanya kazi yoyote, na zinapoachana njia hiyo hukatika ghafla, umeme ukasukumwa kwenye koili, na mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo yanayozaa maelfu ya volti zinazoruka kwenye plagi. Alikubali. Kesho yake akarudi na jingine: nilikuwa nimemwambia kwamba kondensa huzuia cheche isiruke kati ya pointi zenyewe na kuziunguza, sasa mbona haizuii ile ya kwenye plagi? Nikamjibu kwamba kondensa humeza umeme kwa kitambo kifupi tu, hadi pointi ziwe zimeachana vya kutosha. Alinitazama kwa adabu, akasema, "Sawa, Mjomba," kwa sauti ile ile ambayo wewe na mimi tulikuwa tukiitumia kwa Mwalimu. Wewe ulikuwa ukichora mambo haya kwa chaki sakafuni na watu wakaelewa. Sakafu ninayo, na chaki nitanunua.

Kuna na mgogoro wa rangi, ingawa huu si wa kunikosesha usingizi. Chini ya kiti, mahali ambapo brashi ya mwenye nayo wa zamani haikufika, tumekuta rangi nyekundu ya kiwandani ikiwa karibu nzima. Mimi nataka fremu yote ipigwe msasa na kupakwa upya. Yeye anataka tubandue taratibu rangi ya juu tu na kuiacha ile ya asili na mikwaruzo yake yote, kwa hoja kwamba rangi mpya anaweza kuinunua mtu yeyote. Hoja hiyo sijapata jibu lake, na inanikera. Dada yangu haingilii mambo ya rangi. Yeye ametoa sharti moja tu, kwamba kofia ngumu iwepo kabla ya petroli, na kwamba chombo kisivuke geti mpaka mwanawe afikie umri wa leseni. Tumeafiki sote, mmoja wetu akinung'unika.

Basi nijibu haya kwa pamoja. Je, pula unayo, na nyuzi za skrubu yake zina kipimo gani, maana sitaki tufike siku hiyo tukute haiingii? Unaonaje kuhusu ringi za pistoni: nibadilishe kwa kuwa silinda iko wazi, au nizipime kwanza? Nafasi ya vali za injini nimeiandika milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Ndivyo nawe unavyoweka? Katika suala la rangi uko upande gani, na kama uko upande wake, je, unaweza kutolisema mbele yake? Na unakuja lini?

Wako akusubiriye,
Rafiki yako wa siku zote