Maharamia wa Algiers hawakumalizwa na mizinga tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu maharamia wa Algiers, Tunis na Tripoli imeishia pale simulizi nyingi zinapoishia: manowari za Marekani na Uingereza zikafika, mizinga ikalia, biashara ikawa salama. Naomba nafasi nipinge, kwa sababu msomaji akiamini hivyo ataelewa vibaya karibu miaka 150 ya historia ya Bahari ya Kati.

Tazama waliotangulia kutumia mizinga. Denmark iliushambulia mji wa Algiers mwaka 1770 ikashindwa, na miaka miwili baadaye ikafanya amani kwa kulipa. Hispania ilishusha jeshi ufukweni mwaka 1775, likafukuzwa. Ikarudi kuupiga mji kwa mabomu mwaka 1783 na tena 1784, kisha mwaka 1786 ikatia saini mkataba. Hata Marekani, baada ya miaka minne ya vita na Yusuf Karamanli, mtawala wa Tripoli, ilimlipa dola 60,000 mwaka 1805 ili wafungwa wake waachiwe. Wengi wao walikuwa mabaharia wa manowari Philadelphia, iliyokwama mwambani na kutekwa ikiwa na watu 307.

Kilichozipitisha meli za biashara siku hata siku kilikuwa ni mikataba na hati, na ugumu wake ulianzia Istanbul, makao ya Sultani wa Dola ya Uthmania, ambayo Algiers, Tunis na Tripoli zilihesabiwa kuwa chini yake. Mwaka 1580 William Harborne aliwapatia Waingereza hati ya ahadi kutoka kwa Sultani Murad III: wafanye biashara kwa amani katika himaya yake, na Mwingereza akitekwa aachiwe na mali yake irudishwe. Ahadi ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba ilitakiwa kutekelezwa na magavana walio mbali, na huko Algiers mapato ya nyara yalisaidia kulipa mishahara ya askari. Amri ya Sultani ilipokelewa kwa heshima zote, ikasomwa, ikawekwa kando. Ndiyo maana mwaka 1622 Waholanzi walimtuma Cornelis Pijnacker, mwalimu wa sheria, aende kuzungumza na wakubwa wa Algiers na Tunis wenyewe. Tangu hapo taifa lililotaka usalama lilihitaji makubaliano ya ngazi mbili: moja na Istanbul, na jingine na kila bandari ya Afrika Kaskazini.

Sasa nieleze hati yenyewe ya kuipitisha meli salama, ambayo makala yenu haikuitaja hata mara moja. Waingereza waliianza baada ya mkataba wao na Algiers wa 1662, na utaratibu ukakazwa na mkataba wa 1682. Hati ilikuwa ya ngozi, na sehemu yake ya juu ilichorwa picha. Ngozi ilikatwa kwa mkato wa mawimbi uliopita katikati ya picha hiyo. Sehemu ya chini, yenye jina la meli na la nahodha, ilibaki melini. Vipande vya juu vilipelekwa kwa balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Algiers, naye akawagawia manahodha wa pale kabla hawajatweka matanga.

Meli ya Algiers ikikutana baharini na meli ya biashara ya Kiingereza, mkataba wa 1682 uliruhusu mashua moja tu iende kwenye meli ya biashara, na mbali na wapiga makasia iwe na watu wawili. Ni hao wawili peke yao walioruhusiwa kupanda, isipokuwa nahodha wa meli ya biashara mwenyewe awakaribishe wengine. Walichukua kipande chao, wakakilaza juu ya hati ya meli. Mkato ukishikana na mkato, na nusu ya picha ikikutana na nusu yake, mashua inaondoka. Hakuna aliyehitaji kujua kusoma Kiingereza. Na hata kama hati haipo, meli iliachwa ikiwa wengi wa mabaharia wake ni raia wa Uingereza. Meli za Algiers nazo zilijihami vivyo hivyo mbele ya manowari za Kiingereza, kwa kuonyesha hati ya wakubwa wao pamoja na cheti cha balozi huyohuyo.

Udhaifu wake ulikuwa wazi kwa kila aliyehusika. Mkato ulikuwa mmoja kwa hati zote za toleo moja, kwa hiyo hati iliyoibwa au kuuzwa ilifanya kazi sawasawa na ya halali. Wenye meli wa mataifa yasiyo na mkataba walizitafuta, na wapo waliokubali kuwauzia. Kila udanganyifu ulipogundulika, meli za halali zilianza kutiliwa shaka na kuvutwa bandarini kwa uchunguzi. Dawa ilikuwa kubadili mkato mzima, lakini mkato ukibadilika leo, meli iliyo Bahari ya Hindi bado imebeba hati ya zamani. Lazima matoleo mawili yakubaliwe kwa muda. Kwa sababu ya umbali huohuo, mkataba wa Marekani na Algiers wa 1795 ulitoa miezi 18 meli zote za Marekani zipate kupewa hati.

Mkataba huo unafundisha mengi kuliko vita vilivyofuata. Kabla yake, manowari za Ureno zilikuwa zimeuziba Mlango wa Gibraltar, meli za Algiers zisitoke kwenda Atlantiki. Mwaka 1793 balozi mdogo wa Uingereza huko Algiers, Charles Logie, alisuluhisha Ureno na Algiers. Mlango ukafunguka, na katika muda mfupi meli 11 za Marekani zikatekwa Atlantiki pamoja na mabaharia zaidi ya 100. Amani ya taifa moja ilihamishia hatari kwa jingine, na mabalozi wa Ulaya walilijua hilo vizuri sana.

Kwa mkataba wa Septemba 1795 Marekani ilikubali gharama ya dola 642,500, na kila mwaka vifaa vya meli vyenye thamani ya sekini (sarafu za dhahabu) 12,000, yaani dola 21,600. Kisha fedha hazikufika kwa wakati. Dei, mtawala wa Algiers, akakasirika, na Joel Barlow, mjumbe wa Marekani, akalazimika kumwahidi manowari ya mizinga 36 ili tu aongezewe miezi mitatu. Mwishowe mkopo ulitoka kwa Bacri, mfanyabiashara wa Algiers kwenyewe, na wafungwa wakaondoka Julai 1796. Gharama ya kuchelewa ilikuwa meli nzima ya kivita.

Jambo moja zaidi limeniuma katika makala yenu: maharamia wote mliowataja ni Waislamu. Mashujaa wa Malta, shirika la kidini la wapiganaji Wakristo, waliziteka meli za raia wa Sultani kwa zaidi ya karne mbili, wakiwemo Wagiriki Wakristo ambao iliwabidi waende kudai mali zao mbele ya mahakama hukohuko Malta. Wafanyabiashara wa Kiislamu walijilinda kwa kukodi meli za Wafaransa kubeba shehena zao kati ya Alexandria na bandari nyingine za himaya, kwa kuwa bendera ya Ufaransa iliwazuia Wamalta.

Sikatai kwamba Exmouth, amiri wa Uingereza, alizichoma meli za Algiers tarehe 27 Agosti 1816 na kuwatoa mateka, wala kwamba Wafaransa waliuteka mji mwaka 1830. Hayo ni ya mwishoni.

Na kama mnaona mambo ya bendera na hati yako mbali nasi, someni kesi ya majahazi ya Muscat, iliyoamuliwa na mahakama ya usuluhishi ya Hague tarehe 8 Agosti 1905. Manahodha wa Sur, bandari ya Oman, walioijua vizuri pwani yetu, walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa, na Uingereza ikalalamika kwa niaba ya Sultani wa Muscat. Majaji waliamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kumpa bendera mtu asiye chini ya ulinzi wake halali, na kwamba ruhusa iliyotolewa haihamishiwi mtu mwingine wala jahazi jingine, hata likiwa la mwenye mali yuleyule.

Msomaji wenu,
Tanga